Kipara cha Flocke

Jumatatu, 2 Oktoba
Balaa! Flocke, sungura wa marehemu mke wangu Hedwig, ana kipara kifuani. Ngozi tupu, upana wa kiganja! Na mashindano ya chama cha wafugaji sungura ni Jumapili. Nimeapa mwaka huu kombe silikosi, maana shemeji Gerlinde, dada yake Hedwig, hulibeba kila mwaka huku akinicheka. Jana alimpapasa Flocke. Kamwambukiza utitiri, hakuna mwingine! Nimechana manyoya ya ubavuni yafunike kipara. Hayafuniki.

Jumatano, 4 Oktoba
Kwa daktari wa mifugo. Kamkwangua ngozi, kaitazama kwa darubini yake. Hakuna utitiri, hakuna fangasi, wala si kubadili manyoya. Akasema anajinyonyoa mwenyewe. Akauliza anaishi na nani. Peke yake, nikajibu kwa fahari, asije akang'atwa manyoya! Na zamani? Na Mohr, yule mweusi mwenye sikio lililolala. Walikuwa wakilala wameegemeana. Baada ya mazishi nilimpa Gerlinde. Jaji gani angemtazama? Daktari akanikazia macho. Mzee, huyu ana upweke, mrudishie mwenzake leo leo.

Alhamisi, 5 Oktoba
Jana kiburi kilinizuia. Leo nimekimeza, nikabisha hodi kwa Gerlinde kumwomba Mohr. Akajishika mdomo. Shemeji we, uliniletea sungura mnene bila hata neno, ningejuaje kuwa si kitoweo? Si hata sahani nilikuletea, na kabichi nyekundu? Ukairudisha imerambwa!
Kweli. Niliramba. Nikaomba na mchuzi. Ee Hedwig, nisamehe.

Jumamosi, 7 Oktoba
Flocke hali chochote. Nimebuni: kioo ndani ya kizimba, adhani ana mwenzake! Akakinusa. Akazunguka kumtafuta mwenzake nyuma ya kioo. Hakumkuta. Akakipa mgongo, akajinyonyoa tena. Nimelia kama mtoto. Mashindanoni sitakwenda.

Jumatatu, 9 Oktoba
Flocke amekufa alfajiri. Ndiye pekee aliyekuwa amebaki wa Hedwig. Nimemzika bustanini. Gerlinde akaja, macho mekundu, akasema shemeji, usikae peke yako, njoo ule kwangu. Nikamwambia niko sawa, nikafunga mlango.
Mchana nikaenda kwa mfugaji wa kijiji cha pili. Ana sungura wawili ndugu, weupe pepepe, wamelala wamerundikana. Akanisihi nisiwatenganishe. Nikamwambia mimi mzoefu.
Nimemchukua mmoja, yule mwenye masikio yaliyosimama. Mwakani kombe ni langu!