Kioo Kilichokula Kipapatio

Jumatatu, 3 Februari
Theluji mpaka magotini. Nimeiba zamu! Ubao wa maabara ulisema mtungi wa baridi, ule wa kupozea majaribio, wiki hii ni wa mwanafunzi mwenzangu Lorna Pfeiffer. Sasa unasema ni wa Casimir Dudek, yaani mimi. Kitambaa, mate kidogo, basi. Sioni aibu. Profesa Hallgren amesema nisipomletea grafu kufikia Ijumaa, mwaka huu wa saba ndio wangu wa mwisho chuoni. Nitaondoka bila shahada, nikamfanyie kazi shemeji yangu, kufunga mifereji ya mapaa hapa hapa Buffalo. Mifereji yote ya shemeji huvuja.

Lorna aliusoma ubao, akanitazama, akasema haya bwana, endelea. Akauliza kama kioo nimekichemsha. Nikasema bila shaka.

Sijakichemsha.

Jumanne, 4 Februari
Kioo chenyewe ni kipande cheupe, kidogo kama sabuni ya hoteli, kimejaa vitundu vya nanomita saba. Hata unywele ukiuona utauonea huruma kwa unene wake. Heli, ile gesi ya maputo, ikifanywa kimiminika na kupozwa mpaka nyuzi mbili hivi juu ya sifuri kabisa, baridi isiyo na chini yake, husahau msuguano na kuteleza humo kana kwamba njia ni nyeupe. Kazi yangu ni kupima inaanza kuteleza kwenye nyuzi ngapi. Tatizo ni kwamba kioo hiki hunyonya kila kitu: harufu, jasho, mafuta. Lazima kichemshwe kwenye dawa ya kusafishia siku nzima. Siku nzima! Nitaitoa wapi?

Nimekifunga mtungini wakati wa chakula cha mchana. Vipapatio vya kuku, vya siagi na pilipili. Nilijifuta vidole. Karibu vyote.

Jumatano, 5 Februari
Heli imegoma! Kwenye nyuzi ambazo heli ya wenzangu wote iliteleza, yangu kimya. Nimeshuka zaidi. Kimya. Nimevumbua heli kaidi! Nimemwandikia Profesa barua pepe: HABARI KUBWA SANA. Kisha nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha chooni. Nilipendeza.

Alasiri Lorna alikiona kipande kilichomeguka kwenye kioo changu, kimebaki mezani. “Kaka, mbona hiki kimekuwa rangi ya chai?” Nikamwambia huo ni wivu. Akalinusa koleo langu la kushikia kioo. “Hii siagi, Kaz.” Akaenda zake akichekea mkononi.

Alhamisi, 6 Februari
Heli imeteleza. Kwenye nyuzi moja na nusu. Kumbe haikuwa kaidi, ilichelewa tu. Na barua pepe hairudi!

Lorna alinifafanulia bila kuombwa. Mafuta yamepaka kuta za vitundu, vitundu vimebana, na heli ikibanwa zaidi hutaka baridi zaidi ndipo iteleze. Grafu ni safi kabisa, alisema, ila ni grafu ya kuku. Akanishauri nikaseme ukweli.

Halafu likaja lililoniumiza. Zamu ya wiki hii alikwisha kuniachia tangu Ijumaa iliyopita, akasahau tu kubadilisha ubao. Na kioo kilichochemshwa kilikuwa kabatini, kina jina langu kwa mwandiko wake. Nimeiba kitu changu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Februari
Nimekiri. Siagi, pilipili, ubao, mate, vyote. Profesa aliitazama grafu, akanitazama mimi. Nikaiona ngazi ya shemeji. Nikauona mfereji unavuja.

Kisha akacheka mpaka akavua miwani! Akasema kwa miaka thelathini hajaona grafu safi namna ile kutoka kwa mtu mchafu namna hii. Nimepewa mpaka Juni, kwa masharti: kioo cha Lorna, glavu, na chakula kiliwe nje ya maabara. Alhamdulillahi, kama asemavyo jirani yangu wa ghorofani! Nilikaa kwenye ngazi nikashusha pumzi niliyoibana tangu Septemba. Nililia kidogo. Lorna akanipa shina la selari, mboga inayoliwa na vipapatio hapa Buffalo, akasema pole, msanii wa siagi. Nampenda kila mtu leo. Hata shemeji.

Jumatatu, 10 Februari
Mwanzo mpya. Glavu mpya. Kioo cha Lorna kiko mbele yangu, cheupe pe. Nimeapa.

Ila nimefikiri. Kidole kimoja cha siagi kilishusha nusu nyuzi. Vidole viwili je? Sosi ya asali je? Hakuna mtu duniani aliyewahi kupima! Ubao unasema wiki ijayo ni ya Lorna, lakini kitambaa kipo. Nimeagiza vipapatio dazeni: vya pilipili kidogo, vya kati na vikali. Vimefika, bado vya moto.

Sharti la glavu nalitii. Nimevua ya kulia tu.