Wimbo wa Foleni ya Mahindi

Jumatatu, 16 Machi 2020. Granville.

Katembo amenipigia simu asubuhi. Ana gari la mizigo, na wiki hii anawaendesha Wabelgiji sita wanaopiga jazi ya zamani. Wamekuja Sydney kurekodi albamu na mpiga piano wao, mzee aliyehamia hapa na ambaye miguu haimruhusu tena kupanda ndege. Sasa studio imefungwa. Mwenye studio ametoka Italia, amejitenga wiki mbili. Wanatafuta chumba chochote chenye piano. Nikamwambia Katembo nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri.

Nieleze, kwa faida ya atakayelisoma daftari hili. Jazi ya namna hii hairekodiwi vipande vipande. Watu saba hukaa chumba kimoja, hupiga pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kinachokosewa kinabaki humo humo.

Mpango ni huu. Ukumbi wa kanisa letu una piano. Mimi nawapatia ukumbi, wao wanaurekodi wimbo wa marehemu kaka yangu Vénérand. Hauna maneno. Aliutunga kambini Tanzania, kwenye foleni ya mahindi, kwa mdomo tu, kwa sababu matarumbeta yetu yalibaki misheni, Burundi. Haujapigwa kwa chombo hata siku moja. Waliujua watu watatu. Wawili wamekufa. Mimi nina miaka sabini na miwili, na redio inasema ugonjwa huu unapenda umri wangu.

Jumanne, 17 Machi

Mchungaji Balthazar amekubali. Nilimweleza kwamba bendi za namna hii husindikiza maiti hadi makaburini kwa nyimbo za taratibu. Ni kweli. Sikumweleza kwamba wakati wa kurudi hupiga za kucheza.

Kikwazo ni Mama Niyonsaba, kiongozi wa kwaya. Alhamisi na Ijumaa ukumbi ni wake, mazoezi ya Pasaka. Amesema hana neno, ila kama Wabelgiji wanarekodi, basi na kwaya irekodi pamoja nao. Waimbaji thelathini na wawili. Nikamwuliza wataimba nini kwenye wimbo usio na maneno. Akasema maneno watayatia. Nimeshindwa kumaliza chakula cha mchana.

Jumatano, 18 Machi

Serikali imekataza mikusanyiko ya ndani inayozidi watu mia moja. Msaada umetoka nisikotarajia. Nimeandika tangazo kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, nikalibandika mlangoni mwa ukumbi. Idadi nimeipunguza kidogo kwa usalama: watu kumi.

Mama Niyonsaba amepiga simu kabla gundi haijakauka. Alitaka kujua sifuri moja nimeipeleka wapi. Nilimweleza maana ya tahadhari tangu ndui ya zamani. Nilieleza dakika arobaini. Nadhani alikata simu kwenye ya kumi.

Alhamisi, 19 Machi

Wamefika. Wageni sita, mpiga piano wa saba, fundi wa sauti wa nane, Katembo wa tisa, mimi wa kumi. Hesabu nzuri. Ndipo akaingia Mama Niyonsaba na kiti chake cha kukunja, akakaa karibu na mlango. Ufunguo ni wake, na kwa taratibu za kanisa mwenye ufunguo lazima awepo. Akanyoosha kidole kwenye tangazo langu. "Kumi, Mzee Fiacre. Umeandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri."

Katembo akasema yeye ana vyombo vya watu, hatoki. Nikatoka mimi.

Siku nzima nimesimama nje ya dirisha la choo. Treni za Parramatta zilipopita sikusikia kitu. Zisipopita nilisikia nyimbo zao tisa, zote nzuri, hakuna wa kwetu. Kiongozi wao Bertrand, mpiga tromboni, aliniletea chai na kuniambia kwa Kifaransa kwamba kesho alasiri ni zamu ya wimbo wangu. Wanaondoka Jumamosi.

Ijumaa, 20 Machi

Nimemshawishi Katembo kwamba maegesho yale yana faini, akabaki garini. Nikaingia.

Niliwaimbia mara mbili. Walifumba macho. Baada ya dakika kumi walikuwa wameushika wote, bila karatasi. Liliniuma kidogo. Vénérand alikaa nao miezi mitatu ya foleni.

Wakapiga. Niandike ukweli: nilishika piano. Mama Niyonsaba aliiweka simu yake chini.

Kisha nikawasimamisha. Vénérand alikosa meno mawili ya mbele, kwa hiyo noti ya nne ilitoka na upepo kidogo, fyuu. Klarineti ilikuwa safi mno. Nikaeleza. Wakaanza upya. Nikawasimamisha, kwa sababu wimbo unatembea hatua mbili na kusimama, kama foleni, na mpiga ngoma hakusimama vya kutosha. Nikaeleza foleni. Mara ya tatu walifika karibu na mwisho. Mzee wa piano alikuwa akilia. Nikainua mkono. Tromboni ilichangamka mahali ambapo mahindi yalikuwa yamekwisha.

Bertrand akaniambia kwa upole, "Papa Fiacre, tuache tumalize mara moja, halafu utueleze." Nikamjibu kwamba bila maelezo watamaliza nini. Nikaanza na misheni, mwaka tuliopewa matarumbeta. Nilikuwa sijafika kambini simu yake ilipolia. Shirika la ndege limefuta safari ya kesho. Kuna viti sita leo jioni, na baada ya hapo hakuna anayejua. Walifunga vyombo kwa robo saa. Bertrand alinipa kiwiko badala ya mkono, kama tunavyofundishwa siku hizi.

Mama Niyonsaba alikunja kiti chake. "Mzee, watu walikuwa wanaupiga. Ulikuwa unawakataza nini?"

Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Jumamosi, 21 Machi

Fundi wa sauti ametuma vipande alivyorekodi. Cha kwanza: sekunde arobaini, kisha sauti yangu. Cha pili: sekunde ishirini, kisha sauti yangu. Cha tatu: dakika mbili na nusu za Vénérand, kisha dakika kumi na moja zangu.

Mjukuu wangu Belyse amesikiliza hadi mwisho. Kiswahili anakisikia, hujibu kwa Kiingereza. Ameuliza ni nani huyo mtu anayeharibu. Nikamwambia ni hitilafu ya mitambo.

Jumapili, 22 Machi

Makanisa yanafungwa kuanzia kesho. Binti yangu amerudi kutoka kazini Penrith, anakohudumia wazee, akaniambia nisitoke hata kwenda dukani.

Mama Niyonsaba amepiga simu. Sikutegemea. Amesema wimbo ameushika hadi pale nilipowakata, ameuimba jikoni tangu Ijumaa, na waimbaji wake wanaweza kuujifunza kila mtu nyumbani kwake. Anachokosa ni mwisho, na mwisho ninao mimi peke yangu. Akasema simu yake inarekodi.

Nilimweleza kwamba huwezi kuingia kwenye mwisho hivi hivi, lazima ujue kwanza mahindi yalipimwaje. Akasema, "Imba, mzee. Imba tu." Nikasema kopo la kupimia lilikuwa la aina mbili. Akasema sufuria yake inaungua. Tukaagana vizuri.

Hata hivyo, kwaya si chombo. Nimesoma kwamba kuna bendi ya Waholanzi itakayokuja Mei, na mipaka haiwezi kufungwa zaidi ya wiki mbili tatu. Nimeanza kuwaandikia barua yenye maelezo yote mapema, ili nisilazimike kumsimamisha mtu. Niko ukurasa wa kumi na tisa. Leo, wakati nanawa mikono, ule mstari wa mwisho wa wimbo ulinipotea. Nimeutafuta mchana kutwa. Utarudi. Maelezo yake ninayo yote.