Kaya Moja, Nafasi Moja

Jumatatu, 3 Februari

Siku kubwa! Chuo cha ufundi kimebandika tangazo getini. Serikali inalipa robo tatu ya ada, mwanafunzi anamalizia robo. Anayelea mtoto peke yake halipi kitu. Masharti: uwe na miaka kumi na minane hadi arobaini, ujue kusoma na kuandika, usiwe na kazi. Nina thelathini na sita. Kusoma najua. Kazi sina, na kwa hilo naweza kuleta mashahidi mtaa mzima. Kwa mara ya kwanza maishani nastahili kitu bila kudanganya.

Nitasomea umeme. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi umeme. Ana kofia ngumu ya njano, haivui hata akija kula kwetu. Mimi humwita Kofia Ngumu, moyoni lakini. Nikihitimu, nami nitakula nimevaa kofia.

Nikarudi nyumbani na fomu mkononi. Mke wangu ameketi mlangoni, anashona vifungo vya mashati ya fundi cherehani mmoja anayempa vibarua. Kando yake, fomu. Ileile! Anataka kusomea majokofu. Nikaona mstari wa chini kabisa, ambao kwa furaha niliuruka: kaya moja, nafasi moja.

Jumanne, 4 Februari

Tumejadiliana. Yaani mimi nimejadiliana. Yeye aliuma uzi kwa meno, akasema, “Wewe ndiye baba wa nyumba, amua.” Naijua sauti hiyo. Mwanamume anayeamua baada ya kuisikia ana lake jambo.

Nikauliza kwa nini majokofu. Akasema jokofu la buchani limekufa mara tatu mwaka huu, na kila fundi akija, yeye husimama nyuma yake kutazama. Anadai ameshaelewa nusu. Miaka tisa ya ndoa, na sikujua mke wangu husimama buchani kutazama mgongo wa jokofu. Jambo hilo limenikaa kifuani hadi saa kumi.

Saa kumi na dakika tano, wazo! Kaya moja, nafasi moja. Sawa. Na kaya mbili je?

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda kwa afisa wa mtaa kuomba barua ya makazi. Nikamwambia siku hizi naishi peke yangu. Akavua miwani. Akanipa pole ndefu. Akasema alikuwa akitutolea mfano anapopatanisha wengine. Akauliza kosa ni la nani. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema langu. Akaandika “wametengana” kwa mwandiko mzuri sana, akagonga muhuri.

Nikamwonyesha mke wangu. Alicheka hadi sindano ikamchoma. Kisha akaisoma tena, hakucheka. Akaniuliza nilimwambia afisa kosa ni la nani. Nikamjibu. Akasema, “Basi angalau hapo hukusema uongo.”

Nimechukulia ni mzaha.

Ijumaa, 7 Februari

Nimejipalia makaa. Chuo kimesema karani atapita kukagua makazi ya kila mwombaji. Barua haitoshi, lazima nihame kweli! Kinyozi wa kona amenipa stoo nyuma ya kibanda chake. Kodi: nifagie nywele asubuhi na jioni. Hakuuliza maswali. Alinishika bega tu, kama watu wanavyoshikana msibani.

Habari zimesambaa. Fundi cherehani amemwambia mke wangu asihuzunike, ana binamu yake aliyefiwa na mke, mwenye gari. Nimeuliza gari la aina gani. Mke wangu akasema hakuuliza. Hilo “hakuuliza” halikunituliza.

Jumamosi, 8 Februari

Nimehama mchana kweupe, godoro kichwani, majirani wakitazama. Stoo ina viti viwili vilivyovunjika, kioo chenye ufa, na nywele. Nywele zimo hata ndani ya sabuni.

Mke wangu alikuja kuniletea shuka, na binti yetu wa miaka saba. Mtoto aliuliza kama sasa mimi ni mgeni, ili nikija anipishe kiti. Mama yake alisimama mlangoni, akatazama godoro, akatazama shati langu kwenye msumari. Akasema polepole, “Kumbe ni rahisi hivi.”

Nilitaka kumuuliza ni nini kilicho rahisi. Nikapokea shuka.

Jumapili, 9 Februari

Balaa! Mama mkwe amekuja kusuluhisha. Amekuja na Kofia Ngumu, kofia kichwani. Tukaketi sebuleni kwangu, ambako kwa mujibu wa muhuri si kwangu.

Ukweli usingesemeka. Kofia Ngumu hufundisha pale chuoni siku mbili kwa wiki, na hajui kuficha hata umri wake. Kwa hiyo nikakaa kimya kama mtuhumiwa. Mama mkwe akasema hakuja kugombana, amekuja kusikia. Nitaje kosa langu mwenyewe, kwa kinywa changu.

Nikaanza kutafuta kosa la uongo. Jambo la ajabu: sikulipata. Kila nililolishika lilikuwa la kweli. Nikajikuta nasema juu ya cherehani. Mke wangu alipoolewa alikuja na cherehani yake. Mwaka wa tatu niliiuza, nikanunua kuku mia moja, nikamwahidi mbili badala ya moja. Kuku walikufa wote wiki ileile. Tangu hapo anashona vifungo vya mashati ya watu wengine, kwa mkono. Hatujawahi kulizungumza. Mimi nilidhani amesahau, kwa sababu hakulisema. Leo nimelisema mimi, mbele ya mama yake, nikiwa naigiza. Katikati nikagundua siigizi.

Mke wangu alitazama sakafu. Kofia Ngumu alivua kofia. Ana upara!

Mama mkwe akasema, “Haya, baba. Hayo ndiyo niliyopandia gari.” Akaomba maji ya kunywa.

Mke wangu alinisindikiza hadi kwa kinyozi. Tulitembea taratibu kuliko kawaida.

Jumanne, 11 Februari

Karani wa chuo amepita. Mwanamama mwembamba, faili kwapani, haongei ila akiuliza. Alianza kwa mke wangu. Akaona mtoto, akaona vifungo, akaandika: analea peke yake, hana kipato cha uhakika, asamehewe ada yote. Mpango umeiva!

Kisha akaja kwangu. Akanikuta na fagio mkononi, rundo la nywele miguuni. Akamuuliza kinyozi kama huyu ni wa kwake. Kinyozi, Mungu amsamehe, alitaka kunisifu. Akasema ni mfanyakazi hodari, hajawahi kupata kama mimi. Karani akaandika: ameajiriwa, hana mtu anayemtegemea, hastahili ufadhili, akitaka ajilipie ada yote.

Miaka miwili natafuta kazi. Nimeipata dakika ileile isiyotakiwa.

Alhamisi, 13 Februari

Nilikwenda kwa mke wangu na furaha nusu. Nikamwambia mambo si mabaya: yeye atasoma bure, mimi nitabaki stoo hadi ahitimu, ni mwaka mmoja tu. Akaendelea kushona hadi kifungo kikaisha. Akasema kuna mwanamke mtaa wa pili, amefiwa na mume, ana watoto watatu, naye ameomba. Nafasi za bure ni chache. Akaniuliza nadhani nafasi hiyo ninayoifurahia imetoka wapi.

Sikuwa nimewaza kwamba imetoka mahali. Niliona fomu, mihuri, mistari. Sikuona mtu mwishoni mwa mstari.

Akajifunga kanga, akaenda chuoni peke yake. Nilimfuata kwa nyuma, hatua hamsini. Nilisimama chini ya dirisha. Alimweleza karani yote, hakupamba, hakunichafua. Alisema tu mume wake alitaka wote wawili wasome, na akafikiri njia ni ile. Nilisikia karani akifunua faili. Kisha akasema uongo ungewafuta wote wawili, lakini aliyekuja mwenyewe kabla ya orodha kutoka si sawa na aliyekamatwa. Fomu ya mume imefutwa. Ya mke inabaki: kaya moja, nafasi moja, majokofu, atalipa robo yake.

Yaani amepata kile ambacho angekipata Jumatatu ile, kama ningemwambia tu, “Nenda wewe.”

Alipotoka alinikuta nimechutama chini ya dirisha. Akasema, “Twende nyumbani, godoro utalibeba mwenyewe.”

Jumatatu, 17 Februari

Nimerudi. Afisa wa mtaa ameandika barua nyingine, ya kurudiana, na amesema hagongi muhuri wa tatu. Leo mke wangu ameanza masomo. Aliondoka na daftari jipya, hakutazama nyuma. Nilisimama mlangoni hadi alipokata kona. Nikafua sare ya mtoto. Nikashona vifungo viwili kumsaidia, kimoja kwenye shati, kimoja, kwa bahati mbaya, kwenye suruali yangu. Mtu akinyamaza hujifunza mengi. Nimeapa: mipango basi!

Jumanne, 18 Februari

Nilimpelekea mke wangu chakula chuoni. Getini kuna tangazo jipya. Cheti cha serikali kwa mafundi waliojifunza kazini bila kukaa darasani! Hakuna sharti la kaya. Kinachotakiwa ni miaka mitano ya ufundi bomba. Bomba la jikoni kwetu nililigusa miaka sita iliyopita, na linavuja hadi leo, kwa hiyo kazi bado inaendelea. Hiyo ni zaidi ya miaka mitano.

Lazima kuwe na barua ya mtu mmoja mwaminifu anayenifahamu vizuri, asiwe ndugu wa damu.

Mama mkwe si ndugu wa damu.