Mkurugenzi Mkuu Atazama Mji kwa Basi

Napenda kuutaarifu umma kwamba kuutazama mji kupitia dirisha la basi si jambo la mtu kujiamulia. Ni shughuli. Ina kanuni, ina fomu, na ina Naibu Mkurugenzi wake, ambaye ni mimi.

Kabla Mamlaka ya Mandhari ya Mji haijaingilia kati, hali ilikuwa ya kusikitisha. Wageni walikuwa wakitoka stesheni na mabegi yao mgongoni, wanalipa nauli ile ile anayolipa fundi cherehani, wanapanda basi lolote lililo mbele yao na kuutazama mji kiholela. Mtu anapanda namba tatu, anaona daraja. Anashuka, anadandia namba tisa, anaona bustani, mnara wa saa na zile nyumba za zamani zenye roshani za mbao. Hakuna aliyemwambia aanze na nini. Wengine walitazama upande wa kushoto tu safari nzima, na upande wa kulia, ambao una ofisi zetu nyingi, ukabaki bila mtazamaji.

Wakati huo huo mabasi rasmi ya utalii ya Mamlaka, yenye viyoozi na mapazia, yalikuwa yakizunguka matupu. Mapazia yenyewe yalikuwa yamefungwa, kwa sababu kibali cha kuyafungua kilikuwa bado kinazunguka mezani.

Lakini kilichotunyima raha hasa kilikuwa basi namba kumi na nne. Ni basi la kizamani, la kijani, lenye pua ndefu mbele, viti vya mbao, na madirisha ya kushusha kwa mkanda wa ngozi. Lilianza kazi kabla mimi sijazaliwa. Dereva wake aliitwa Taratibu, jina alilopewa na abiria, na kondakta alikuwa mkewe, Mama Tikiti. Walikuwa wamefanya kazi humo miaka ishirini na sita. Mama Tikiti alikuwa na tabia mbaya ya kuwaeleza abiria wanachokiona.

"Pale juu kwenye roshani, jamani, yule mzee huota jua na kasuku wake. Mpungieni, anapenda."

Wageni wanapunga. Mzee anapunga. Kasuku anatukana. Maelezo hayo hayakuwa yameidhinishwa na mtu yeyote, na watu walikuwa wakipanga foleni kuyasikia.

Mkurugenzi Mkuu alipoletewa taarifa alikunja uso siku tatu. Siku ya nne akatoka na suluhisho, na mimi niliyekuwepo nashuhudia kwamba lilikuwa suluhisho la mtu msomi. Basi namba kumi na nne litangazwe kuwa Urithi. Liondolewe barabarani, liwekwe ukumbini, lizungushiwe kioo. Mtalii ataingia, atakaa, na nje ya dirisha picha za mji zitavutwa kwa kamba, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uliopitishwa. Hakuna vumbi, hakuna kona, hakuna kasuku.

"Mji wenyewe," alisema Mkurugenzi Mkuu, "unamchanganya mtazamaji."

Nilikwenda mwenyewe karakana kumpelekea Mama Tikiti habari njema. Nilimkuta akisugua madirisha kwa gazeti lililoloweshwa.

"Kwa hiyo basi linaingia kwenye kioo," akasema.

"Kwa heshima zote."

"Na mimi na mume wangu tunaingia wapi?"

"Suala hilo linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Basi tumekwisha, baba. Hatuna kazi nyingine, hatuna shamba, tuna basi hili tu." Akarudi kusugua dirisha. Nakiri maneno hayo yaliniingia kidogo moyoni, lakini nilikuwa nachelewa kikao.

Siku ikapangwa. Saa tano na nusu asubuhi Mkurugenzi Mkuu angepanda basi pale bustanini, azungushwe mji mara moja, na saa sita kamili ashuke mbele ya makao makuu, ambapo Waziri angemsubiri na zulia jekundu, matarumbeta, na Hati ya Kustaafisha Basi juu ya meza. Akishasaini tu, Taratibu anazima injini moja kwa moja. Nilitundika bango ubavuni mwa basi: MKURUGENZI MKUU ATAZAMA MJI. Na kwa kuwa kiongozi wetu hakuwa amepanda basi tangu enzi za ujana wake, nilimwandalia maelekezo ya kurasa kumi na moja. Ukurasa wa kwanza ulihusu ngazi.

Ziara ilianza vizuri mno. Mkurugenzi Mkuu alikaa kiti cha tatu, dirishani, nami nikasimama nyuma yake na daftari. Mama Tikiti, aliyekatazwa kusema chochote nje ya maelezo yaliyoidhinishwa, alisoma karatasi nilizompa.

"Kushoto kwenu kuna jengo," alisoma. "Kulia kwenu kuna jengo jingine."

Mkurugenzi Mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akashtuka.

"Huu mnara wa saa ni wetu?"

"Ni wetu, Mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Una miaka mia na ushee, Mheshimiwa."

"Mbona sikuambiwa?"

Niliandika. Tukapita daraja, naye akauliza maji yale yanaelekea wapi. Niliandika hilo pia, likafanyiwe utafiti.

Ilipokaribia saa sita, makao makuu yakaonekana. Zulia lipo. Matarumbeta yanapigwa. Waziri amesimama na kalamu mkononi. Mkurugenzi Mkuu akainuka, akakaza tai, akavaa tabasamu lake la sherehe. Basi likalipita zulia, likayapita matarumbeta, likampita Waziri, likaendelea na safari zake.

"Mbona halisimami?"

"Mama Tikiti!" nikapaza sauti. "Tushushe!"

"Wapi?"

"Hapo tulipopita!"

"Pale hakuna kituo, baba." Akatoa mkobani kitabu cha kanuni, chetu kabisa, chenye nembo. "Kanuni ya saba. Basi la umma likisimama pasipo na kituo, dereva ananyang'anywa leseni papo hapo. Mume wangu hajawahi kuandikiwa kosa hata moja. Mnataka aanze leo?"

"Lakini kituo kilikuwepo!" akasema Mkurugenzi Mkuu.

"Kilikuwepo. Mkakiondoa."

Macho yote yakanigeukia. Sikatai. Miaka mitano nyuma, kituo kile kilikuwa kinashusha watu wa namna fulani: watu wenye mafaili, wenye malalamiko, wenye kutaka kujua suala lao limefikia wapi. Wakishuka tu, hao mapokezini. Nilishauri kituo kihamishiwe sokoni, ng'ambo ya mfereji, na ndani ya wiki moja malalamiko yakakauka. Nilipewa cheti. Kimetundikwa ofisini kwangu, juu ya birika.

Tukafika sokoni. Kutoka hapo mpaka makao makuu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na Mkurugenzi Mkuu alikuwa na miguu. Lakini kwenye benchi la kituo walikuwa wamekaa watu wale wale, na mafaili yale yale. Wakalisoma bango. Wakasoma tena. Mmoja akasimama.

"Jamani, huyu mtu kumbe yupo!"

"Ondoa gari," akasema Mkurugenzi Mkuu, jasho jembamba likimtoka. "Tuzunguke tena."

Akampigia simu dereva wake amfuate na gari mzunguko wa pili. Dereva akasikitika sana. Gari lilikuwa ndani ya uzio wa makao makuu, na hakuna gari linalotoka mle bila hati iliyosainiwa na Mkurugenzi Mkuu kwa mkono wake mwenyewe.

"Nani aliyetunga upuuzi huo?"

Dereva akashusha sauti. "Nisamehe, Mheshimiwa. Sijui nijibuje."

Mzunguko wa pili tulipopita makao makuu, Waziri aliinua mkono. Mkurugenzi Mkuu naye akampungia. Hakukuwa na lingine la kufanya. Tulipofika sokoni, benchi lote likapanda. Nilijaribu kuwazuia, nikakumbushwa na Mama Tikiti kwamba mpaka Hati isainiwe, basi ni la umma, na umma umelipa nauli.

Wa kwanza kuingia alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, na bahasha ya kaki kwapani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba ya nini! Nikikupigia unasema uko kikaoni. Mtu gani anakaa kikaoni miaka miwili?" Akamgeukia Mkurugenzi Mkuu. "Wewe ndiye mkubwa wake? Sogea."

Mkurugenzi Mkuu akasogea.

"Kwenye ramani yenu," shangazi akasema, akifungua bahasha, "nyumba yangu iko katikati ya mzunguko wa barabara. Penye maua. Barua zangu zinaachwa kwenye maua. Mwaka jana nimezimiwa maji kwa sababu mtu haruhusiwi kuishi kwenye maua."

"Lete ofisini kesho, mama."

"Ofisini nimekuja mara kumi na tisa. Hukuwepo. Leo upo."

Kushoto kwake dirisha, kulia kwake shangazi. Mkurugenzi Mkuu akaomba kalamu. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na sijawahi kumwona akisaini kitu ambacho hakijapita kwanza mikononi mwa watu sita. Tulikuwa mnarani alipoanza kusoma. Tulipofika darajani shangazi alikuwa amerudishwa nyumbani kwake kihalali, anajipepea kwa bahasha.

Baada ya hapo sikuweza kudhibiti hali. Watu wa namba tatu na namba tisa walituona tukipita, wakashuka huko na kupanda kwetu. Wageni wakaja na kamera. Mama Tikiti akanifuata.

"Karatasi zako zinasema nieleze pia viongozi wa Mamlaka. Naruhusiwa?"

Niliangalia. Ukurasa wa tisa, nimeandika mwenyewe. Nikamruhusu shingo upande.

"Kiti cha tatu, dirishani," akatangaza, na sauti yake ya zamani ikamrudia, "mnamwona Mkurugenzi Mkuu. Huonekana kwa nadra. Akiwa anasaini hutoa ulimi kidogo, mtazameni."

Basi zima likatazama. Mkurugenzi Mkuu akaurudisha ulimi.

Mzunguko wa nne, Waziri alikuwa amekaa chini ya mwavuli na viatu amevua. Mzunguko wa tano hakuwepo, na mpiga tarumbeta mmoja alikuwa amelala juu ya zulia. Mkurugenzi Mkuu alikuwa amesaini leseni ya saluni, cheti cha ndoa kilichokosewa jina la bwana harusi, na kibali cha choo kilichoombwa na mtu ambaye sasa ni marehemu. Aliegemeza kichwa kwenye dirisha. Nilimwonea huruma kwa dhati.

"Nataka kushuka," akasema, kama mtu wa kawaida. "Nishushe, mama. Nakuomba."

Mama Tikiti akakaa kando yake. "Mbele ya ofisi yako?"

"Mbele ya ofisi yangu."

"Kituo kikiwepo, nakushusha sasa hivi." Akaingiza mkono mkobani, akatoa fomu. "Maombi ya kurudisha kituo. Nimeyaleta kwenu mara kumi na moja. Hii ni ya kumi na mbili. Mwenye kusaini ni wewe."

Mkurugenzi Mkuu akaidaka kalamu. Mama Tikiti akaiwekea kidole fomu.

"Soma hapa kwanza, usije ukasema nimekuficha."

Ilikuwa Sehemu D. Kituo kitatolewa endapo tu basi linalokiomba litathibitishwa kubaki barabarani kwa muda usiopungua miaka kumi. Ni sharti zuri, linazuia vituo vya kiholela. Namfahamu vizuri aliyelitunga.

Mama Tikiti hakumwangalia Mkurugenzi Mkuu. Alikuwa anaangalia mgongo wa mumewe. Ndipo Taratibu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akauliza bila kugeuka:

"Tunakaribia ofisini, mzee. Nisimame au nipite?"

Mkurugenzi Mkuu akasaini. Mama Tikiti akaupuliza wino, akaikunja fomu, akaiweka kifuani badala ya mkobani. Akagonga bodi mara mbili kwa kiganja huku machozi yakimtiririka. Basi likasimama.

Tukashuka. Nyuma yetu likashuka basi lote, kwa kuwa kituo sasa kilikuwa halali. Nilihesabu vichwa mpaka sitini nikaacha.

Getini alikuwepo mlinzi wetu, mtu mwaminifu, mwenye miaka minane ya kupigia saluti vioo vyeusi vya magari.

"Mnakwenda wapi?"

"Mimi ni Mkurugenzi Mkuu," akasema Mkurugenzi Mkuu.

"Mkurugenzi Mkuu haji kwa basi."

"Muulize huyu, ni naibu wangu!"

Mlinzi akaniangalia. "Na huyu ni nani?"

"Shangazi," nikasema, "mwambie."

Shangazi akapanga vizuri mtandio wake. "Mimi jamani sijui. Hawa tumekutana tu kwenye basi."

Mlinzi hakuwa mkali. Alituonyesha benchi la mbao, lile refu lililo juani, ambako wenzetu walikuwa wameshaanza kujipanga na mafaili yao.

"Kaeni pale kwa utulivu," akasema. "Mkurugenzi Mkuu ametoka, yuko ziarani. Akirudi mtaitwa."

Tulikaa. Mpaka ofisi zinafungwa, alikuwa bado hajarudi.