Usingizi wa Maneno na Mimbari ya Kondoa

Jumamosi, 1 Rajabu 1328

Jana nilipiga chafya kumi na moja juu ya mimbari. Kumi na moja! Nusu ya waumini wakaniombea rehema. Nusu wakakumbuka kwamba haifai kusema wakati wa hotuba, wakabaki kukodoa macho. Baada ya alasiri wazee wa msikiti walikutana. Hukumu: niache ugoro kabla ya Ijumaa, la sivyo mimbari apewe Halfani. Halfani, niliyemfundisha alifu kwa mkono wangu! Naye Halfani akaongeza, kwa upole wa kuudhi, kwamba mimbari nayo imechoka kulowana.

Miaka kumi na tisa nimesimama pale. Siiachi. Wala ugoro siuachi.

Jumapili, 2 Rajabu

Mke wangu Mwanne amerudi kutoka chemchemini na habari. Daktari wa Kidachi, Mjerumani wa pale bomani, hutibu kwa usingizi wa maneno. Jirani yetu Bi Sikudhani aling'olewa gego huku akitabasamu! Mwanne anasihi: nenda, Baba Yahaya, akuondolee ugoro.

Fikra za wanawake ni fupi. Kwa nini niondolewe ugoro, ilhali naweza kujifunza elimu hiyo na kumwondolea Halfani tamaa ya mimbari?

Jumatatu, 3 Rajabu

Nilikwenda bomani nikijifanya mgonjwa. Daktari alinikalisha kitini, akaning'iniza ufunguo mbele ya macho yangu, akasema polepole: kope ni nzito, pumzi inashuka, ugoro unanuka kama jivu lililolowana. Sikuhisi lolote. Akauliza kama kweli nataka kuuacha. Nikajibu kwamba Mungu ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Akacheka sana.

Kisha akanieleza, nami nikasikiliza kwa adabu. Kwamba huu si uchawi wala si usingizi hasa. Mgonjwa husikia yote, ila fikra zake zimetulia mahali pamoja. Kwamba neno huingia kwa aliye radhi tu. Kwamba hakuna awezaye kusukumwa kwenye jambo asilolitaka.

Nimehifadhi sehemu ya kope. Iliyobaki ni maneno mengi.

Jumatano, 5 Rajabu

Nilimwalika Halfani chakula cha mchana. Alikula ugali wa uwele na mlenda kama mtu aliyetoka safarini. Kisha nikaning'iniza tasbihi mbele yake. Akauliza: Mwalimu, umeniita kula au kunibembeleza? Lakini alikuwa ameshiba, akakaa.

Nikasema kope ni nzito. Zikashuka! Nikasema mimbari huitaki. Akafumbua jicho moja: naitaka. Nikarudia. Naitaka. Mara tatu!

Nikahisi nimekosea utaratibu. Nikaanza upya, neno kwa neno kama daktari, pamoja na lile jivu lililolowana. Hapo Halfani akatulia. Pumzi ikashuka. Chozi likamtoka. Akakiri kwamba yeye naye hunusa, kwa siri, miaka saba, na kila usiku humwomba Mungu amwokoe.

Subhanallah! Mnafiki! Nikaona nimemnasa.

Alhamisi, 6 Rajabu

Sikumnasa. Halfani mwenyewe amewaeleza wazee kila kitu, mbele ya mlango wa msikiti. Kwamba tangu jana harufu ya ugoro inamtapisha, na kwamba ni kwa baraka ya ulimi wangu. Wazee wakanishika mikono. Mzee mmoja akalia. Kisha wakauliza: na wewe, Mwalimu, umeshauacha?

Nilifungua kinywa kujibu. Chafya nne.

Ijumaa, 7 Rajabu

Halfani amehutubu. Sauti kavu, pua kavu. Ameniombea dua kwa jina, mara mbili, huku mimi nikiwa safu ya mbele kama mwanafunzi.

Nyumbani Mwanne amenena bila kuulizwa: daktari si alikwambia, haliingii neno kwa asiyetaka? Halfani alitaka kuuacha. Wewe hutaki. Ni hilo tu, Baba Yahaya.

Nimemsamehe, kwani hakusoma. Nimelipima jambo hili kwa utulivu, hatua kwa hatua, na kosa langu nimeliona wazi: nilimlisha Halfani kwanza. Mtu aliyeshiba hatawaliki. Nitamwalika tena Alhamisi, akiwa amefunga.