Tableti ya Mama Mkwe Imevuka Mpaka

Jumatatu, Oktoba 13

Leo mama mkwe ameniita. Si kwa mdomo, hilo haliwezekani. Ametuma tableti. Mke wangu Vivianne ameileta imefungwa kwenye leso, pamoja na ujumbe kwamba bando linaisha haraka, Baba Elungat aangalie. Baba Elungat ni mimi, Ochom. Nimemuoa binti yake miaka kumi na moja na hajawahi kunitaja jina. Ndiyo desturi. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono, hamtazami usoni, haingii nyumbani kwake. Yeye naye halali kwangu. Ndiyo maana tulimkodishia chumba kule chini, ng'ambo ya sukuma wiki zetu, karibu na mto. Mto wenyewe ndio mpaka. Ukitupa jiwe vizuri linaangukia Uganda.

Kazi hii si ya mchezo. Shemeji yangu Bridgit, nesi huko Ireland, amejifungua mtoto wa kiume. Jumapili saa kumi jioni atapiga simu ya video ili Mama Gaudencia ampe mtoto jina. Hawezi kulitaja kabla ya kuuona uso, ajue ni nani katika wazee waliotangulia amerudi. Jumatatu Bridgit anaandikisha mtoto. Mama asipomwona, litaandikwa jina lolote. Bridgit ameshataja moja. Linafanana na dawa ya kikohozi.

Onyuka anasema Mama anunuliwe simu mpya. Onyuka ameoa dada mkubwa wa Vivianne na anafanya kazi Busia, kwa hiyo ana maoni. Simu mpya! Simu mpya ni za watu wasioelewa za zamani.

Nimeichunguza tableti saa moja tu. Ugonjwa nimeupata: inarukia mtandao wa Uganda yenyewe na kumeza bando. Nimefungua menyu iliyofichwa, ile ya kugonga namba mara saba. Raha yake haielezeki. Nimeweka kanuni: ikishika mtandao wa Uganda, data izimike, na mimi nipate ujumbe kwenye simu yangu. Ikirudi Kenya, data iwake. Nimeijaribu mezani kwangu. Safi kabisa!

Jumanne, Oktoba 14

Ujumbe wa kwanza, saa kumi na mbili asubuhi: TABLETI IMEVUKA MPAKA. Dakika nne baadaye: TABLETI IMERUDI. Saa moja, imevuka. Imerudi. Imevuka. Kufikia saa sita mchana safari kumi na saba! Nilikuwa kazini yadini nikiandikisha malori, kalamu ikanidondoka.

Mama mkwe anavuka mto. Ana miaka sitini na nane. Na magoti yale!

Nimefikiri mchana kutwa. Jibu ni moja tu. Sukari ya magendo. Hapa Malaba kila mtu anazijua njia za panya. Mimi nilidhani mama wa watu anauza omena sokoni basi.

Jioni nimemuuliza Vivianne, kwa ujanja, kama mama yake ana sukari ndani. Akasema ndiyo, kama kilo mbili hivi. Kilo mbili, na anaishi peke yake!

Sikukasirika, niandike ukweli. Niliona aibu. Mjane huyu hajawahi kuniomba hata kiberiti. Kumbe anabeba magunia mgongoni ili asinisumbue.

Alhamisi, Oktoba 16

Safari arobaini na moja jana. Arobaini na moja! Vijana wa boda boda hawamfikii.

Vivianne ameleta malalamiko. Mama anasema akikaa kitandani data inakatika, akisimama mlangoni inarudi. Nimetikisa kichwa kwa heshima. Mwanamke mwerevu sana. Ameshatunga maelezo.

Onyuka amepita kutoka Busia na shati lenye kola ngumu. Amesema tableti izimwe iwashwe, mambo yatakaa sawa. Huo ndio ujuzi wake wote. Akaongeza kwamba Mama akikosa kumwona mtoto Jumapili, familia nzima itajua ni mkono wa nani uliokuwa ndani. Nimemwambia akunywe chai yake.

Lakini wasiwasi umenishika. Askari wakimkamata ng'ambo na tableti? Wataifungua, wataona namba za watu wake wa sukari. Atalala selo. Na mtoto je, atapewa jina na nani?

Nimeomba tableti irudishwe kwa ukaguzi. Kanuni ya pili: ikivuka mpaka, ijifunge kabisa, ifunguliwe kwa kidole changu pekee. Kidole cha Mama nimekifuta. Namba ya siri nimebuni ndefu sana, ya kitaalamu, hata mimi siikumbuki. Sasa yuko salama. Hajui ninavyomlinda, na sitaki ajue.

Jumamosi, Oktoba 18

Siku nzuri. Kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nimeifuta simu yangu yote nikaiwekea mfumo mpya niliousoma mtandaoni. Tangu saa nne asubuhi inaonyesha duara linalozunguka. Linazunguka vizuri sana, bila kukwama.

Vivianne ameuliza kama kesho, mambo yakiharibika, tutatumia simu ipi. Yeye ana kabambe ya vibonye tu, tangu nilipoiongezea kasi simu yake nzuri mwaka jana. Onyuka amekwenda mazishini Port Victoria na simu yake. Nimemwambia atulie, tableti iko. Vivianne akaenda kukuna nazi ambayo hatukuihitaji.

Jumapili, Oktoba 19

Mikono inaniuma, naandika polepole.

Saa kumi kasoro tano Vivianne amekuja mbio kutoka kwa Mama. Tableti imejifunga. Nimeweka kidole, ikafunguka. Akateremka nayo. Akarudi. Imejifunga. Kidole. Akateremka. Akarudi! Mara tatu, na sukuma wiki zote zimelala chini.

Saa kumi na dakika tano Bridgit alikuwa amepiga mara mbili bila jibu. Betri asilimia kumi na moja. Kanuni zangu zinakula kidogo. Vivianne akasimama katikati ya shamba ameikumbatia tableti, macho yamejaa machozi. Afadhali angenitukana. Nilitamani ardhi inimeze.

Kidole changu kilitakiwa kule chini, na mimi siwezi kwenda kule chini.

Ndipo sauti ikapanda kutoka mlangoni kwa Mama. Alikuwa anamwambia Vivianne, ila kwa nguvu kiasi cha Malaba nzima kusikia: "Mwambie huyo mwanaume akuje! Ageuze mgongo!"

Nimeteremka kinyumenyume. Vivianne alinielekeza kama lori linaloingia yadini: kulia, kulia, simama, kuna shimo. Nilisimama hatua tatu kutoka mlangoni, mgongo kwa mama mkwe, uso kwa nyumba yangu, tableti nimeipandisha juu ya bega, kioo kikimtazama yeye, kidole kwenye kitufe cha pembeni. Majirani walitoka. Mzee Opolot wa jirani alileta kiti.

Bridgit akapiga. Ikashika.

Mimi sikuona kitu. Niliona mlango wangu na kuku wawili. Lakini nilisikia. Bridgit alisema, "Mama, huyu hapa." Kisha kimya. Nikadhani imejifunga, nikabonyeza, haikuwa imejifunga. Kumbe Mama alikuwa analia polepole, nyuma ya shingo yangu, karibu kuliko alivyowahi kuwa miaka kumi na moja.

Akamwambia Bridgit atoe blanketi, aone masikio. Akaomba amgeuze kidogo. Akasema, "Weh! Angalia hayo masikio. Ni Okal."

Okal alikuwa mume wake. Alikufa kabla sijaja kuoa, hata sauti yake siijui.

"Okal," akamwita mtoto. "Ulichelewa wapi? Karibu, baba."

Vivianne alikuwa amekaa kwenye majani akilia waziwazi. Upepo ukivuma, tableti iliruka Uganda na kujifunga, nikabonyeza, ikafunguka, Bridgit akapiga tena, Mama akaendelea pale pale alipoishia. Ilifanya hivyo mara nne. Akamwambia mtoto habari za babu yake, za mtumbwi, za deni la nyavu ambalo hakulipa. Betri ilikufa Bridgit akisema kwaheri.

Nilibaki nimeinua mikono. Sikujua desturi inasemaje hapo.

Nyuma yangu Mama Gaudencia akasema, si kwa Vivianne, bali kwangu: "Ochom, mwanangu. Teremsha mkono. Umechoka."

Ochom! Nilipanda kurudi nyumbani bila kugeuka. Vumbi lilikuwa jingi sana shambani, ingawa mvua ilinyesha jana.

Jumatatu, Oktoba 20. Mashujaa Dei

Sikukuu. Inafaa.

Ireland wameandika Okal. Bridgit amethibitisha kwa kabambe ya Vivianne, na ameahidi kupiga kila Jumapili. Onyuka amerudi kutoka mazishini na kumletea Mama simu mpya, bado kwenye boksi. Mama ameshukuru, ameiweka kabatini juu ya sahani za wageni. Hajaifungua! Nimemuuliza Vivianne mara tatu, na mara zote amesema hajaifungua.

Vivianne amenikalisha chini. Ameeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba Mama hajavuka mto hata siku moja. Kwamba chumba kile kiko karibu sana na mnara wa simu wa ng'ambo, na kitandani tableti inashika Uganda tu, na hata redio ya Mama inaongea Kiganda. Nimesikiliza hadi mwisho. Nimemshika mkono. Nimemwambia ni mtoto mwema kumfichia mama yake, na siri ya sukari iko salama kwangu. Amefunika uso kwa leso. Nadhani ni kwa shukrani.

Simu yangu bado inazungusha duara. Nimegundua kosa: niliweka mfumo wa zamani kidogo. Kuna mwingine mpya zaidi.

Jioni tableti imekuja tena kwenye leso. Ujumbe wa Mama: tafadhali, Baba Elungat arudishe kidole cha Mama, awe anaifungua mwenyewe. Nimekaa nayo muda mrefu. Ni kazi ya dakika moja. Vivianne angemshikisha kitufe pale mlangoni na mambo yakaisha.

Nimemjibu kwamba nimejaribu kila njia na kitaalamu haiwezekani. Kidole kitabaki changu. Kwa hiyo Jumapili saa kumi, Okal akipiga, itabidi niteremke tena.