Kebabu ya Ziwani Nyuma ya Soko la Zamani

Jumatatu, 10 Machi 2025
Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba, usimsomee mtu hata neno moja. Hasa karani mwenzangu Aristide. Ijumaa shefu wetu wa ofisi, Mama Domitille, anabakiza karani mmoja tu: mimi au yeye.
Mwezi jana nilijaza fomu ya mahali wageni wanapoweza kula karibu na soko la zamani la Rumonge. Mstari mmoja ukabaki mtupu. Mstari mtupu hunitia homa. Nikaandika: "Chakula cha asili cha Kituruki, nyuma ya soko." Hakuna kitu kama hicho! Leo tumeambiwa injinia Mturuki anakuja Alhamisi, saa sita mchana, na amechagua huko huko. Aristide akauliza kwa upole mgahawa unaitwaje. Nikasema jina ni refu.

Jumanne, 11 Machi
Nyuma ya soko yupo Mariam peke yake, mchoma mukeke, samaki wa ziwa letu. Bahati! Ni Mwislamu, nusu ya kazi imekwisha. Tena mchana banda lake tupu, jiko baridi. Nikamhurumia kwa kukosa wateja. Nilipomweleza mpango aliniangalia sana, akauliza kama kweli ni saa sita mchana. Nikamjibu kwamba Waturuki ni watu wa saa.

Jumatano, 12 Machi
Mukeke sasa ni "kebabu ya ziwani". Pazia la chumba changu liko mezani. Aristide amepita na baiskeli mara tatu. Mariam amekataa kuonja mchuzi. Maringo ya wapishi.

Alhamisi, 13 Machi
Mgeni alinusa, akatabasamu, akasukuma sahani taratibu. Akasema kwa Kifaransa kwamba amefunga. Ramadhani! Nikamgeukia Mariam. Alikuwa amekaa, anajipepea.
"Meshaki mwanangu, uliniambia nipike. Hukuniuliza nani atakula."
Shefu alikula sahani yake, kisha ya mgeni. Akatangaza kwamba chakula cha Waturuki anakijua tangu zamani, na hiki ndicho chenyewe. Aristide akaanza kusema ni mukeke. Akaulizwa kama anataka kumfundisha mkubwa wake kula.
Mgeni akaahidi kurudi jua likizama. Mimi nikapanda pikipiki hadi Minago, nisiwepo atakapoonja.

Ijumaa, 14 Machi
Mgeni amempigia shefu asubuhi: jana jioni alishiba vizuri, lakini kile si chakula cha kwao. Shefu ameniita, akafunga mlango.
"Mimi nilisema mbele ya watu kwamba ni cha Kituruki," akasema. "Basi huyo mtu si Mturuki."
Akasaini. Kazi ni yangu! Aristide anakusanya kalamu zake.
Nimetumwa niwaandikie wakubwa wa mgeni, waje waonje chakula, wahakikishe wenyewe. Nimeandika vizuri sana. Mwishoni nafasi ilikuwa nyingi, nikaongeza kwamba watapokelewa na wacheza ngoma wa Kituruki, wakazi wa hapa. Nimeshapata wanne.
Ukinitafuta, usije ofisini. Panda pikipiki hadi Gatete, uliza kwa Elda fundi wa nguo. Bisha mara mbili, useme umeleta kitambaa chekundu. Nipo chumba cha nyuma, tunawapima wale wanne kofia.